Landrova Inayovuta Kushoto

Lipangalala, Ifakara
Septemba 1996

Kwako Eustaki, mdogo wangu, huko Mofu.

Kabla hujasoma mstari wa pili, simama, vua kofia, sema shikamoo. Nangoja. Haya, marahaba. Sasa unaweza kukaa.

Natumaini barua hii inakukuta unapumua. Sisemi unapumua vizuri, maana mtu mwenye maneno kama yako pumzi haiwezi kumtulia. Shemeji Eveline hajambo? Mpunga mlivuna ninyi au walivuna ndege kwelea? Huku Lipangalala tupo. Mama Wiliam yupo, anakusalimu kwa shingo upande. Kuku wapo, kasoro jogoo, na yeye nitakueleza alivyokufa. Afya yangu usiiulize haraka, utaikuta huko mbele. Salamu hizi nakupa kwa sababu marehemu mama alitulea na adabu. Usije ukadhani unazistahili.

Ujumbe wako nimeupata. Tadei, yule muuza kambale, alishuka kwenye baiskeli hapa mlangoni, hata maji hajanywa, akaniambia umeita kikao cha ukoo Jumapili ijayo baada ya misa, nyumbani kwa baba mkubwa Nickolaus. Ajenda ni moja tu: mimi Wendelin ninyang'anywe ufunguo wa Landrova. Landrova ile ile tuliyoichukua mimi na wewe kwa mpunga wetu kutoka misheni, imekufa, kuku wanatagia kwenye injini, nikaifufua mimi kwa mikono yangu huku wewe umekaa pembeni unakula miwa. Leo unataka ufunguo. Sina hasira, Eustaki. Nimetulia kama mto Kilombero mwezi wa nne.

Tukumbushane mambo ya Kivukoni, maana nasikia wewe unayasimulia vibaya, na hadithi ikisimuliwa vibaya mimi tumbo huniuma. Tulikuwa tunavuka kwenda Lupiro kwenye matanga, ukoo mzima umejaa nyuma ya gari. Nikashuka ule mteremko wa kuingilia pantoni taratibu, kama bibi harusi. Tairi za mbele zimeshakanyaga mbao, mara gari ikakata kushoto yenyewe. Tairi la kushoto likabaki linaning'inia juu ya maji, viboko wanatutazama kama wazee wa baraza. Shangazi Ester akatokea dirishani, na unajua upana wa shangazi na upana wa dirisha. Wavuvi wakaja na kamba, wakatuvuta. Wanaume wote wa ukoo walishika kamba. Wewe ulishika nini? Ulipanda kwenye kichuguu kama padri kwenye mimbari ukapiga kelele mpaka ng'ambo ya pili wakasikia: "Kaka amekwisha! Mikono imemfia! Mnyang'anyeni usukani kabla hajatuzika wote!"

Na shikamoo ya asubuhi ulikuwa bado hujanipa.

Nilisema siku ile mbele za watu kwamba si mikono, ni gari. Nikaapa nitaufungua usukani wote, nitaujenga upya, na siku ya kikao ulichotishia palepale kukiita nitaingia Mofu nimeshika usukani kwa kidole kimoja, halafu kurudi nitakupakia nyuma pamoja na mbuzi. Mimi si mtu wa kuambiwa mikono imekufa. Mimi ndiye niliyeshuka mlima wa Mahenge breki zimekatika, kuku wa watu kakaa juu ya boneti, akataga njiani, na yai halikudondoka. Muulize Evodius, alikuwa tanboi wangu siku hiyo. Atakuambia halikuwa yai moja, yalikuwa mawili, lakini mimi sipendi kujisifu.

Basi, tulipotoka matangani nikaegesha gari hapa uani, nikaanza kazi. Nakueleza yote ili ujue kaka yako ni fundi, ingawa kukueleza wewe mambo ya ufundi ni kama kumwimbia samaki kitoga akiwa ndani ya sufuria.

Gari ikivuta upande au ikiyumba, mjinga anakimbilia kulaumu dereva. Fundi anaanza na upepo wa tairi. Nikapima, upepo sawa. Nikaja nati za tairi, zimekaza. Springi hazijavunjika. Nikakaa kitini nikaugusa usukani: unauzungusha nusu nzima, tairi bado zimelala. Hapo nikajua ugonjwa uko chini, kwenye zile fimbo za chuma zinazotoa amri kwenye usukani na kuipeleka kwenye tairi. Kila fimbo ina kifundo huku na kifundo huku, kichwa cha mviringo ndani ya kikombe, kama nyonga ya mbuzi. Kikiliwa, kinacheza. Kikicheza, wewe unasema kulia, tairi linasema ngoja kwanza nifikirie.

Kazi ya kutafuta kifundo kilichokwisha haifanywi na mtu mmoja. Mmoja anakaa kitini anautikisa usukani, kidogo tu, huku na huku. Wa pili analala chali chini ya gari, anakishika kila kifundo kwa kiganja. Kilicho kizima kinatembea pamoja na mwenzake. Kilichokwisha kinachelewa, halafu kinagonga, unakisikia kwenye kiganja, tik, kama moyo wa kifaranga. Fundi Omega aliyenifundisha alikuwa anatukataza kuangalia kwa macho. Alisema macho yanadanganywa na matope na grisi, mkono haudanganywi. Alikuwa anatufunga kitambaa usoni. Mimi nilikuwa wa kwanza darasani. Darasa lilikuwa la watu wawili, lakini wa kwanza ni wa kwanza.

Sasa nani akae kitini? Wewe uko Mofu unaita vikao. Nikamwita Sayi. Ndiyo, Sayi yuleyule Msukuma, mliyeshikana naye mashati kwa sababu ng'ombe wake waliingia kwenye mpunga wako. Alikuja na fimbo yake na kofia yake ya kijani, akapanda kitini, akaushika usukani kama anakamua maziwa. Akaniuliza kwa nini sisi wenyeji wa huku tunasumbuka na chuma, wakati ng'ombe ukimvuta kamba kulia anakwenda kulia, na akizeeka unamla. Nikamwambia Landrova haijawahi kula mpunga wa mtu. Akacheka mpaka akapiga honi. Hivyo ndivyo tunavyoishi na Sayi, tunatukanana vizuri, hatupandi vichuguu.

Nikaingia chini kwa kichwa kutokea mbele, miguu imebaki nje. Vifundo vya kulia nikavishika kwa mkono wa kulia, vya kushoto kwa mkono wa kushoto, kama ilivyo kawaida. Sayi akatikisa. Loo! Vya kulia vyote ni wagonjwa, vinagonga kama mlango wa choo. Vya kushoto, kimya. Nikashika tena, kimya, vimetulia kama kanisa siku ya Jumatatu. Nikatoka pale nimefurahi, nikamtumia salamu Wiliam huko Dar aninunulie vichwa vya kulia tu. Vya kushoto vizima, kwa nini nitupe chuma kizima? Vikaja na treni ya Tazara, vimefungwa kwenye gazeti.

Lakini vichwa ni kazi ya watoto. Kazi ya wanaume ni ile rilei. Hujui rilei, usijifanye unaijua. Ni mchi wa chuma uliosimama ndani ya boriti ya mbele ya chesisi, unapokea amri juu kutoka kwenye boksi ya usukani, unaitoa chini kwenda kwenye tairi. Umekaa mle tangu mkoloni, kutu imeuoa na kuuzalia watoto. Nikaumwagia dizeli, nikaugonga, nikauwashia moto, nikauimbia wimbo wa mazishi. Mama Wiliam akaja kuniambia majirani wanauliza kama tunajenga kiwanda. Mchi ulipotoka nikapumzika kidogo, ndipo nikaja kuufungua, na ndani yake kuna springi moja imebanwa kwa hasira kuliko wewe siku ya mgao. Mafundi wengi imewatoa macho. Mimi niliifunga kwa gunia na kamba, lakini gunia lilikuwa lile ulilotuachia wewe, bovu. Ikafyatuka! Ikapita na kofia ya Sayi, ikagonga bati, ikarudi chini ikamkuta jogoo anamtongoza tetea. Hakusema hata neno. Kofia tuliiona kesho yake juu ya mti wa jirani. Jogoo tulimla mchana uleule, na Sayi alikula paja akisema hayo ndiyo malipo ya kofia.

Zile bushi za ndani zilikuwa zimeisha zimekuwa unga. Dar Wiliam hakuzipata. Nikachukua kipande cha mpingo, nikazichonga mwenyewe kwa kisu na tupa, nikazichemsha kwenye oili siku nzima, zikakaa kwenye ule mchi kama zimezaliwa mle. Nikanyanyua tairi kwa jeki, nikashika juu na chini nikatikisa, nikatoa vibati viwili pale kwenye kingipini, yaani pini ambayo tairi linageukia, mpaka uchezaji ukaisha. Nikakaza kidogo skrubu ya boksi ya usukani, nikapaka grisi kila mahali, hata ndevu zangu. Nilipomaliza, usukani ulikuwa mtamu, ukipuliza tu unageuka.

Basi tukaenda kuijaribu, mimi na Sayi, njia ya Namawala. Nilikuwa nimevaa shati la Pasaka. Gari ikanyooka. Nikamwambia Sayi aangalie kazi ya mwanaume. Nikaanza hata kutunga matusi ya kukutolea wewe kikaoni, na yalikuwa mazuri, mengine ya Kipogoro cha zamani ambayo ungehitaji babu akutafsirie. Tukafika pale kwenye mashimo, tairi la mbele likaingia shimoni, likatoka, na gari ikakata kushoto. Ileile. Ya Kivukoni. Mbele yetu ng'ombe wa Sayi mwenyewe wanavuka. Nikakanyaga breki kwa miguu yote miwili, tukaishia kwenye mfereji, pua ya gari imegusa pembe za dume. Sayi alikuwa anaongea Kisukuma na mababu zake. Alipomaliza kuongea nao alishuka, akampapasa dume wake, akaniambia kwa upole kwamba yeye sasa atarudi kwa miguu.

Hapo nikachafuka, Eustaki. Nikamtukana Sayi kwamba alitikisa usukani kama mwanamke anayepepeta. Akanijibu kwamba yeye ametikisa, aliyelala chini akisikiliza ni mimi. Nikamtukana Wiliam kwa urefu wa reli nzima ya Tazara, kwamba ameuziwa vichwa vya udongo. Nikakutukana na wewe. Nilisema mbele ya Mama Wiliam kwamba umeniendea kwa mganga, umeifunga gari yangu isiende kulia. Nilisema hivyo, sikufichi. Siku ile nilikuchukia kuliko siku ya kichuguu, kwa sababu nilianza kuona utapata ulichokitaka, na nisingekuwa na la kujibu.

Nikarudi chini ya gari. Nikamwomba Sayi kwa soda, akakubali kukaa kitini. Akatikisa. Nikashika vya kulia, vipya, vimetulia. Nikashika vya kushoto, kimya. Nikapiga kelele kutoka kule chini kwamba gari haina ugonjwa, ugonjwa ni wa uchawi. Mama Wiliam alikuwa amekuja kuniita kula. Aliinama pale mbele, mkono kiunoni, akachungulia. Akaniuliza, "Baba Wiliam, hicho ulichokishika, mbona kinarukaruka kama chura?"

Nikamwambia akapike. Akasema ameshapika, na kinarukaruka. Nikamwambia nimekishika mimi kwenye kiganja changu, mimi mwanafunzi wa Omega, kimelala. Akapiga magoti, akaingiza mkono wake, akakishika palepale pembeni ya vidole vyangu. Sayi akatikisa. Mama Wiliam akapiga yowe, kikombe kimembana kidole. Nikamwambia anadeka. Unamjua Balbina wangu, si mtu wa kudeka. Akaniambia niutoe mkono niuangalie. Nikautoa. Kidole kidogo na cha pembeni yake vimechanika, damu inachuruzika mpaka kwenye kiwiko. Kilikuwa kimenibana mimi zaidi yake, sijui mara ngapi, na mimi nimelala pale nasema kimya.

Sayi alishuka kitini. Hakunitania. Alichukua kofia yake akasema anakwenda kunywesha ng'ombe, na ng'ombe alikuwa ameshawanywesha.

Mama Wiliam akanipandisha mkono wa shati. Huku nyuma ya mkono, juu ya kiwiko, kuna baka. Jeupe kidogo, kavu, kama mahali palipopakwa majivu. Alisema amekuwa akiliona muda mrefu, akadhani ni mba. Akachukua jiti la kiberiti akanichoma nalo taratibu, akaniuliza kama naumia. Nikamwambia aanze basi, anangoja nini. Alikuwa ameshamaliza.

Kesho yake alinipeleka kule Nazareti, kwenye hospitali ya masista. Najua moyo wako umefanya nini uliposoma neno hilo, maana wangu ulifanya hivyohivyo. Sisi tulipokuwa wadogo tulikatazwa hata kupita njia ile. Kuna Sista Emerensiana pale, mfupi, mkali, mama yake ni wa Ulanga kama sisi. Aliniambia nivue shati nifumbe macho, kila akinigusa nioneshe aliponigusa. Nikafumba. Nikangoja. Nikaona ananichelewesha, nikamwambia Sista, mimi nina kazi, kama wewe huna kazi niruhusu niende. Akasema fumbua. Alikuwa ameshika kipande cha pamba, na Mama Wiliam alikuwa analia kwa pembeni. Alikuwa amenigusa mkono mzima wa kushoto, kuanzia kiwiko mpaka kidole.

Ni ukoma, mdogo wangu. Nimeliandika neno lenyewe, kwa mkono wangu wa kulia ulio mzima, na kwa herufi nilizofundishwa darasa la ngumbaru. Ndiyo sababu barua hii sikumwagiza mtu aniandikie, na ndiyo sababu Tadei ameipokea imefungwa kwa gundi ya ugali.

Kwa hiyo siku ile juu ya kichuguu ulikuwa umepatia nusu. Gari ilikuwa imekwisha, na mkono ulikuwa umekwisha, na mkono uliokwisha ndio uliokuwa unakagua gari. Ulipatia nusu, tena kwa bahati, kama mtu anayerusha jiwe gizani akapata bata. Usijivune.

Sasa sikiliza habari zilizobaki, usikimbie. Sista ameniambia ukoma wa siku hizi unapona kabisa. Kuna vidonge, vinatolewa bure, vimepangwa kwenye karatasi ngumu, mwezi mmoja karatasi moja, na cha kwanza nimekimeza mbele yake. Kuanzia hapo, anasema, nikiendelea kumeza siwezi kumwambukiza mtu. Mama Wiliam tunakula sahani moja kama zamani, na ananinyang'anya mnofu kama zamani. Ganzi ya mkono, anasema, inaweza ikarudi nyuma, inaweza isirudi. Mshipa wa kiwiko umevimba. Kaniambia kwa sasa nisishike sufuria ya moto bila kuangalia, na nisibebe watu kwenye gari mpaka yeye aseme. Nikamweleza habari ya kuku na yai. Akasema hata akitaga mayai kumi.

Vichwa vya kushoto vimefika na treni ya juzi, na nimevifunga. Safari hii Mama Wiliam ndiye aliyelala chini akishika vifundo, mimi nikatikisa usukani, na nimegundua nimeoa fundi. Kila kimoja alikitaja kabla sijauliza. Ukikutana naye usimwambie nimesema hivi. Halafu nikaendesha mwenyewe, peke yangu, bila abiria, asubuhi mapema barabara ikiwa tupu, macho yangu hayatoki kwenye mkono wa kushoto, kutoka hapa mpaka getini Nazareti. Nimepita kwenye mashimo makusudi. Eustaki, gari ile imenyooka kama uzi wa fundi cherehani. Hata ulie, huwezi kupata Landrova yenye usukani kama ule kuanzia hapa mpaka Malinyi. Na nimeiacha palepale, chini ya banda lao, nikarudi nyumbani kwa miguu.

Kwa hiyo kikao chako kivunje. Waambie wazee kaka ameachia ufunguo mwenyewe, hakunyang'anywa. Sababu usiwaambie. Sikufichi kwa aibu, ila hadithi yangu huwezi kuisimulia, utaiharibu. Nitakuja kuwasimulia mimi, na nikimaliza kuna watakaotamani waumwe wao.

Ufunguo hauko kwangu. Usije Lipangalala kubisha hodi, na Mama Wiliam nimemwambia asikufungulie. Ufunguo nimempa Sista Emerensiana. Nimemwambia atakuja mtu mmoja kutoka Mofu, mrefu, masikio makubwa, maneno mengi, na mkewe anaitwa Eveline. Wamelala kwenye nyumba yangu misimu mitatu ya kilimo, mkeka mmoja, bakuli moja, kabla hatujagombana. Sista amesema watu wa namna hiyo ndio anaowatafuta. Tumekubaliana hivi: asikupe ufunguo mpaka umevua shati ukafumba macho, na shemeji naye kwenye chumba cha pembeni. Ukikataa, gari itakaa pale banda lao mpaka kuku waanze tena kutagia kwenye injini, na mpunga wako utaubeba kwa kichwa. Najua unavyoipenda gari kuliko ngozi yako, ndiyo maana nimeifunga hiyo ngozi kwenye gari.

Ukisikia pamba, chukua ufunguo, washa, geuza, nenda zako Mofu, na usinipitie kunishukuru. Usiposikia, kaa hapohapo kwenye benchi, nitumie mtu. Nitakuja kwa miguu.

Wasalimie shangazi Ester, umwambie dirisha nimelinyoosha. Msalimie baba mkubwa Nickolaus. Kichuguu cha Kivukoni ukikipita nacho kisalimie.

Ni mimi mkubwa wako, upende usipende,
Wendelin, dereva.